Nguo za Krismasi

Wiki jana nilipita machimbo ya dhahabu ya Macalder nikamwona mama mmoja akichoma dhahabu kwenye kikaango, mtoto mgongoni. Nikamkumbuka mama yangu, alasiri moja kabla ya Krismasi.

Nyumba ilinukia mkaa na mafuta ya chapati. Mvua ilipiga mabati, kwa hiyo mama alifunga mlango. Alikuwa na mimba ya mdogo wetu, Akinyi. Aliweka jikoni kikaango chenye kidonge cheupe cha dhahabu iliyoshikana na zebaki, ile dawa inayong'aa ya wachimbaji.

"Njooni, nyithinda, wanangu, muone nguo zenu za Krismasi," alituita.

Mimi na kaka yangu tuliinamia kikaango. Kidonge kilitoa moshi, kikageuka njano polepole. Niliamini nguo zingetoka mle ndani, nikavuta pumzi kwa nguvu nisikie harufu ya upya wake. Mama alicheka.

Akinyi ni mtu mzima sasa, lakini hawezi kushika kikombe wala kusema. Niliposomea uuguzi ndipo nilipojifunza moshi wa zebaki humfanya nini mtoto tumboni. Mama bado humlisha kwa kijiko, na kila Krismasi huniuliza, "Wewe uliyesoma, huyu alipatwa na nini?"

Mimi humjibu kwamba sijui.