Ndovu Aliyeshikwa Mguu

Kuna Jumapili moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na nimeikumbuka tena juzi nilipokusikia ukiapa kwamba hutampigia dada yako simu mpaka yeye aanze.

Nilikuwa kijana, fundi wa gereji hapa Voi. Mwezi mzima sikuwa nimesema na baba yangu kule Mbololo. Tulikuwa tumegombana juu ya shamba, kisha nikasikia anaumwa. Nikawaambia wote pale gereji, akinitaka ataniita.

Jumapili hiyo mwenye gereji, mzee wa Kikalasinga tuliyemwita Babaji, alinikaribisha hekaluni kwao. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukaketi sakafuni. Ukaimbwa wimbo wa kitabu chao kitakatifu, naye akaninong'onezea maana yake: ndovu alishikwa mguu na mamba ziwani, akapigana mpaka nguvu zikamwisha, ndipo akamwita Mungu, akaokolewa.

Mimi, Mtaita, nifundishwe habari za ndovu? Wamekula mahindi yetu tangu sijazaliwa! Tulipokuwa tukila dengu na chapati nikamwambia, nikicheka, "Babaji, mamba hamuwezi ndovu. Hiyo ni hadithi tu."

Hakukasirika. "Ndiyo, ni hadithi, tena ya zamani kuliko kitabu chetu," akasema. "Ndovu hatumwabudu, wala hatuulizi ziwa liko wapi. Mungu ni mmoja. Sisi tunauliza, ndovu ni nani? Ni mtu na nguvu zake. Mamba ni kile kilichomshika. Na wewe, kijana, umeshikwa na nini? Baba yako anaumwa, na bado uko hapa."

Niliona haya, lakini kiburi kilinizidi. Nikangoja siku nne zaidi. Nilipofika Mbololo, baba alikuwa hai lakini hasemi tena. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Mpaka leo sijui kama alinisikia, na inaniuma.

Kwa hiyo, mwanangu, usicheke hadithi za dini ya mtu kabla hujauliza zinamfundisha nini. Na ukishaielewa maana, usikae nayo bure kama nilivyokaa mimi. Mguu wako umeshikwa. Mungu akulainishie moyo, akupe kuita mapema, na dada yako akuitikie kwa sauti utakayoisikia. Simu yangu hii hapa. Mpigie sasa, nitakaa nawe.