Chiriku Hunyamaza Akimwona Baba

Mdogo wangu ni mwoka mikate, na mtaani kwao wanamwita Popo. Yeye jina hilo halimsumbui. Mtu anayetoka nyumbani wakati wenzake wanarudi, na kurudi wakati wenzake wameshatoka, ulitaka aitwe nani? Mimi dada yake ndiye niliyechukia. Niligombana na jirani mmoja tukanuniana mwezi mzima, kisha siku moja nikajisikia mwenyewe namwita Popo mbele ya mkewe. Wifi yangu alicheka mpaka akadondosha kitana.

Jioni huingia kiwandani. Unga hukandwa na mashine inayonguruma kiasi kwamba watu wa mle ndani huongea kwa kupiga kelele, ndiyo maana hata msibani mdogo wangu hana sauti ya chini. Wanakata madonge, wanayaviringa, wanayapanga kwenye mikebe ya bati, wanayaacha yaumuke, ndipo yanaingia tanurini. Mikono yake ina alama za kuungua tangu kwenye viganja hadi viwikoni. Kukipambazuka unadhani amemaliza, kumbe bado. Hupakia mikate kwenye baiskeli ya magurudumu matatu na kuisambaza madukani, na hufika kwake jua likiwa la utosi, unga masikioni, akaoga, akala, akalala hadi magharibi. Alishamwomba msimamizi amhamishie zamu ya mchana. Msimamizi alimwuliza, "Wewe mkate unakula wakati gani?" Akajibu kwamba anakula asubuhi. "Basi umeshajijibu," msimamizi akamwambia, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ana mtoto mmoja tu, wa kike, na walimpata baada ya kuhangaika sana. Wanaishi vyumba viwili, cha mbele na cha kulala, na kati yake pana mlango usiofunga vizuri. Wifi yangu ni msusi, husuka wateja wake barazani. Sasa fikiria mwenyewe: baba kalala chumbani mchana kutwa, mama ana wateja nje, na katikati yao kuna kitoto kinachotambaa na kugonga masufuria. Wifi angefanyaje? Akawa anaweka kidole mdomoni: "Sss! Baba kalala." Mtoto akajifunza hilo kabla hajajua kusimama.

Alipoanza kusema, alisema kwelikweli. Wifi akamwita Chiriku. Anaongea na paka, anaongea na ndoo, anaongea na kichwa cha mteja kinachosukwa. Watu huja pale kusuka nywele wakaondoka na habari zote za nyumba, nani kamwaga maji na nani kanunua viatu. Mimi naishi upande mwingine wa mji, lakini nikienda kwao namsikia kabla sijafika mlangoni, na moyo wangu unachangamka.

Siku moja, wiki kadhaa kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, Popo alikuja sokoni ninapouza nguo za mitumba za watoto. Alikuwa ametoka kusambaza mikate. Alishika kigauni kimoja, akakigeuza, akakirudisha, akashika kingine.

"Dada," akasema, "yule mtoto wangu hana tatizo la kusema?"

Nilicheka nikashika mbavu. "Chiriku? Tatizo lake ni kunyamaza!"

Yeye hakucheka.

"Mnamwita Chiriku nyinyi. Mimi nikiingia tu, kimya. Ananitazama, anaweka kidole mdomoni, anaondoka kwa kunyata. Hata siku yangu ya mapumziko ni hivyohivyo. Nikimwita anakuja, nikimbeba anakaa, lakini neno hatoi."

"Si amezoea tu kwamba unalala?"

"Najua. Lakini mimi namjua kwa kuona viatu vyake mlangoni vinaongezeka ukubwa. Zile alama za vidole anazoacha ukutani, dada, zilikuwa chini kabisa, sasa zimefika karibu na swichi ya taa. Nikiziona najua amekua. Lakini sauti yake siijui. Leo mniwekee watoto kumi nyuma ya pazia, waongee wote, wa kwangu simtambui."

Nilimpa maji ya kunywa.

"Siku yake ya kuzaliwa sitalala," akasema. "Nitakuwa macho, nimevaa shati. Nataka aniite baba huku ananitazama. Basi. Sitaki kingine."

Siku ilipofika nilifunga meza yangu mapema, nikachukua gauni la njano lililomzidi kidogo, maana watoto wa umri huo ukiwapimia leo, kesho umepata hasara. Nilimkuta Chiriku barazani amesukwa vizuri, anawaelekeza wageni pa kukaa. Wageni wenyewe walikuwa majirani watatu na watoto wao.

"Angazi!" akapiga kelele. Shangazi bado linamshinda. "Angazi mekuja! Angazi meleta nini?"

"Gauni, mama."

"Ya nani?"

"Lako."

"Ya mimi!" Akalivaa juu ya lile alilokuwa nalo, likamfika kwenye vifundo vya miguu, akazunguka nalo akiwaonyesha wote pamoja na paka. Paka akakimbia.

Nilimtazama nikaona jinsi muda unavyotuibia. Mara ya mwisho nilipokuja alikuwa anashuka kizingiti kwa makalio. Sasa alikishuka wima, ameshika ukingo wa mlango kwa kidole kimoja tu, cha heshima. Uso wa kitoto kichanga ulikuwa umeanza kuondoka, na chini yake nikaiona taya ya mama yetu marehemu, mimi na Popo, ile taya ya kubisha. Nilitamani mama angekuwepo amwone. Nilitamani pia mtoto asimame hapohapo alipo, asiendelee mbele, mpaka sote tumalize kumtazama.

Keki aliioka Popo mwenyewe kiwandani, baada ya zamu, kwa ruhusa ya msimamizi. Niseme ukweli, ilikuwa mkate uliopakwa sukari. Lakini ilisimama imara, na mishumaa miwili ilichomekwa juu yake bila kuinama.

Chumbani nilimsikia Popo anajisafisha koo. Hakuwa amelala hata kidogo tangu arudi. Wifi alikuwa amemwambia ajipumzishe japo kidogo, akakataa. Tulikuwa tumeshaanza kuimba na kupiga makofi, Chiriku katikati anaimba kwa nguvu kuliko wote, maneno yake mwenyewe. Ndipo mlango ukafunguliwa na baba yake akatoka. Shati jeupe, limepigwa pasi. Macho mekundu, lakini uso wote unacheka.

Chiriku alimwona, akakata wimbo. Akaweka kidole mdomoni, akatugeukia sisi wote, mmoja baada ya mwingine, kwa ukali wa mwalimu.

"Sss!"

Majirani waliangua kicheko. Na mimi nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Hata Popo alicheka.

"Baba yuko macho leo," akasema, akachuchumaa mbele yake. "Ona. Macho haya hapa. Imba, mama. Imba na baba."

Kimya. Akaanza kuimba yeye, na ile sauti yake ya kiwandani. Akapiga makofi. Akalia kama mbuzi, akabweka kama mbwa, watoto wa majirani wakagaagaa chini kwa kucheka. Chiriku alimtazama kwa wasiwasi, kisha akaweka viganja vyote viwili juu ya mdomo wake mwenyewe, akaubana, kama anaogopa utamponyoka. Machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga.

"Mwache, baba Chiriku," wifi akasema polepole. "Unamtisha."

Mdogo wangu aliinuka. Alimshika mtoto kichwani, akasema, "Haya, kateni keki." Akarudi chumbani, akausukuma mlango, nao kama kawaida yake haukufunga.

Wifi alizima mishumaa mwenyewe. Chiriku alikula kipande cha kwanza akapata sauti yake tena, akawa anadai cha pili. Mimi nilikuwa nimekasirika, na sikujua namkasirikia nani. Mwisho nikaamua ni Popo. Mtu mzima ataachaje wageni kwa sababu ya kitoto cha miaka miwili? Nikainuka niende nikamwambie maneno yangu.

Alikuwa amelala kwa ubavu, shati lake la pasi likiwa mwilini, macho ameyafumba. Hakuwa na usingizi. Nimemlea yule, namjua akilala na namjua akijifanya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo pale Chiriku aliponipita chini ya mkono, ananyata, gauni la njano linaburuta, kipande cha keki ameking'ang'ania kwa mikono miwili.

Hakujali kama nipo. Aliiweka keki juu ya mto, karibu na pua ya baba yake. Akavuta shuka, likamshinda, akavuta tena mpaka likafika begani, akalipigapiga. Kisha akainama sikioni pake na kuanza kunong'ona. Alifanya yote hayo kama mtu afanyaye kazi yake ya kila siku.

"Baba. Baba. Keki yako hiyo. Angazi meleta gauni. Ya mimi. Kubwaaa. Paka mekimbia, meogopa gauni. Mama mezima moto, fuu. Mimi sikulia, baba. Mimi nataka lia, sikulia."

Popo alifumbua macho.

Chiriku alinyamaza palepale. Kidole kikaenda mdomoni, akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, akijikanyaga gauni. Nilimwona mdogo wangu anavyomtazama, kama mtu mwenye njaa aliyesimama nje ya dirisha la duka la mikate, halafu nikamwona anafanya jambo ambalo mimi nisingeliweza. Aliyafumba macho yake tena. Alivuta pumzi taratibu, ya mtu aliyelala. Mtoto alisubiri. Mimi mlangoni nilikuwa nimeshika khanga yangu kwa meno nisitoe sauti. Baadaye miguu midogo ikarudi.

"Baba," akanong'ona. "Lala, baba. Mimi nasema."

Akasema. Alisema habari za ndoo, za nyuzi za kusukia, za mtoto wa jirani aliyempiga na yeye akampiga, na nyingine ambazo hata mimi sikuzielewa. Machozi yalikuwa yakimtoka Popo kwenye yale macho yaliyofumbwa, yanaingia kwenye mto, na Chiriku aliyafuta kwa kiganja chenye sukari bila kukatiza habari yake.

Wageni walipoondoka, mtoto alikuwa amelala pale kitandani ubavuni mwa baba yake, na giza lilikuwa linaingia. Popo alikaa kitako akaanza kuvaa viatu vya kazini. Nilimsimulia wifi yote niliyoyaona. Alisimama na sahani mkononi.

"Mama Chiriku," mdogo wangu akamwita, kwa sauti ya chini ambayo sijui aliipata wapi. "Jana aliniambia nini?"

"Jana?"

"Mchana, nilipolala. Aliingia?"

"Aliingia. Huwa anaingia kila siku. Nilimsikia anaongea-ongea, nikadhani ni na mdoli wake." Wifi aliiweka sahani chini. "Sikuweka sikio, baba Chiriku. Nilikuwa na mteja."

"Na juzi?"

Wifi akatikisa kichwa.

"Alianza lini?"

"Kuingia humo na kuongea? Tangu alipopata neno la kwanza."

"Lilikuwa nini?"

Wifi yangu aliniangalia mimi, kama kwamba ningeweza kumsaidia.

"Alilisemea humo ndani, mimi nikasikia sauti tu," akasema.

Popo alikaa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, anamtazama mtoto wake aliyelala mdomo wazi.

"Kumbe nimeambiwa yote," akasema, "na mimi nakoroma."