Kasha Lenye Lebo ya "Mpya"

Jambo la kwanza nililoliona kwake ni kidole. Kila mara mtambo wetu wa kujengea programu ulipoanza kazi, alikigusisha kwenye kioo cha kompyuta, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Ofisini tulimwita Mkunga, naye aliitika.

Kazi yake ilikuwa kufunga programu. Kila tulipobadilisha kitu, mtambo uliijenga programu upya, ukaipima, ukaifunga ndani ya kasha pamoja na vyote inavyohitaji, kisha ukalipandisha kasha kwenye ghala la mtandaoni. Kompyuta za wateja wetu, yaani hospitali, zilijichukulia humo. Ili asiwasumbue mafundi wa hospitali, Mkunga aliyapa makasha yote lebo moja, "mpya". Jipya likifika, la zamani lilipoteza lebo na ghala likalifuta.

Asubuhi hiyo kasha jipya lilifaulu vipimo vyote, likapanda. Maabara ya hospitali moja ikalichukua, na majibu ya wagonjwa yakagoma kufunguka. Lile la zamani, lililokuwa zima, lilikwisha kufutwa.

Mdogo wake akapiga simu kutoka hospitali hiyohiyo, alikokuwa akimuuguza mama yao.

"Dada, bila majibu ya damu hawamwingizi mama chumba cha upasuaji. Na daktari anasema hali haisubiri."

"Hawawezi kumpima upya?"

"Mashine zenyewe zinapitia kwenye mfumo wenu."

Hakumwambia kosa ni la nani. Akairudisha programu ya jana, akauagiza mtambo uijenge. Ukakataa: kipande kimoja tunachokichota mtandaoni kilikuwa kimebadilishwa na waliokitengeneza, na hatukuwahi kuandika tunataka toleo lipi. Akakisia toleo; kioo kikaonyesha rangi ya kukataa. Nyekundu. Akakisia jingine. Nyekundu tena.

"Mkunga, leo huyu amekaa vibaya tumboni," jirani yake wa meza akatania. Alipouona uso wake akavuta kiti, akaanza kumsomea makosa. Bosi alikuja kuuliza itachukua muda gani. Mkunga alijibu kwamba hajui, bila kugeuka. Alikosea neno lake la siri, akaliandika upya. Mimi nilichoweza ni kumshikia simu sikioni.

Mwishowe kijani: programu ilijengeka. Safari hii alilibandika kasha lebo yenye tarehe, akamwomba fundi wa hospitali alichukue hilo na si jingine. Likaanza kupanda, kipande kwa kipande, hadi kikabaki kile kikubwa kuliko vyote.

"Nipo kwenye dirisha la maabara," mdogo wake alisema. "Mhudumu anakitazama kioo. Bado, dada. Bado."