Mgeni wa Chekechea Yetu

Gunnvor ameongoza chekechea ya umma ya kisiwani kwetu, kaskazini mwa Norwe, tangu mimi navaa nepi. Siku hizi ameniajiri hapo hapo, na bado ananikumbusha mbele za watu nipenge kamasi. Mdomo wake hauna breki.

Juzi alitujia afisa wa takwimu, dada mmoja msafi aitwaye Henriette. Alitaka kujua tumeandikisha watoto wangapi, na kati yao wenye asili ya kigeni ni wangapi.

"Mmoja," Gunnvor akamjibu.

Henriette akachungulia dirishani. Nje mvua ilikuwa inapiga kweli kweli, na watoto wanagaagaa kwenye matope. Yonas, ambaye mama yake Mweritrea hupasua samaki kiwandani, alikuwa anamlisha udongo Ugnė, binti wa fundi Mlithuania.

"Mmoja tu? Na hawa je?"

"Hawa wetu. Wamezaliwa hapa, wananuka samaki kama sisi. Mgeni ni yule pale."

Akamwonyesha Fredrik, nywele nyeupe kama pamba, amekaa ndani peke yake na soksi zake kavu.

"Kwao Oslo. Eti anasubiri mvua iishe, maskini! Hapa atasubiri mpaka aoe."

Henriette akacheka kwa adabu. "Hata mimi natoka Oslo."

"Nimeshajua, dada," Gunnvor akasema, akiutazama mwavuli wa Henriette uliopinduliwa na upepo. "Basi andika wawili."