Skonzi za Mama na Kopo Nililolisugua

Enzi zetu kule Ludara, kijijini kwetu Uganda karibu na mpaka wa Kongo, skonzi hazikununuliwa, zilingojewa. Nyinyi vijana wa leo mnabonyeza simu, boda analeta mkate mlangoni ndani ya plastiki. Mtajuaje kungoja unga uumuke tangu alfajiri huku tumbo likinguruma?

Mama alikuwa mke wa askari, na kuoka alijifunza kambini. Alitumia sufuria nene yenye mchanga ndani, makaa chini na mengine juu ya kifuniko. Hamira ya dukani hakuijua. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake donge la unga uliochachuka, ndilo lililoumusha skonzi zake. Kila alipooka alichanganya donge hilo na unga mpya, na kabla ya kukata skonzi hata moja alimega kipande akakirudisha koponi. Sisi watoto tulikuwa na vidole vyepesi, lakini mwiko wake ulikuwa mwepesi zaidi.

"Hiyo iko ya kesho," alitufokea. "Mukikula leo, kesho mutakula nini?"

Zilitoka na ukoko mgumu, ndani laini, na uchachu kidogo uliobaki ulimini. Tulizichovya kwenye chai ya rangi, na siku ya Idi tulizipaka asali mpaka viwiko vikanata.

Vita vilipotufikia tulikimbilia Kongo kwa miguu. Majirani walibeba magodoro na vyerehani. Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni, na kopo akalifunga kifuani kwa leso. Huko ukimbizini kuna siku tulilala bila kula, naye akachota kijiko cha unga wa muhogo akalilisha donge lake. Nilimchukia siku hizo, nasema kweli. Lakini tuliporudi, nyumba haina paa, aliwasha makaa uani akaoka. Ladha ilikuwa ileile. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alikula huku ametugeuzia mgongo.

Mwaka jana nilimchukua Mama nikae naye hapa Arua, maana miguu ilikuwa imemshinda na kumbukumbu zikimponyoka. Alikuja na mfuko wa nguo na kopo lake. Mnadhani ilikuwa usiku? Hapana, mchana kweupe, akili zangu timamu, nililifungua. Harufu kali ikanipiga, juu maji ya kijivu yamesimama. Nikasema limeoza, mzee wa watu haoki tena. Nikamwaga, nikasugua kopo kwa stilwaya na sabuni, nikalianika juani. Hata nilijisifu jinsi lilivyong'aa. Mimi, niliyekulia kwenye kopo lile, nikasahau kwamba donge lilikuwa na njaa ya unga tu!

Majuto ni mjukuu, na wangu hakuchelewa. Mama ameacha kula. Anataka skonzi zake tu. Nimeoka kwa hamira ya pakti, nimetia maziwa ya mgando, nimekamulia ndimu, nimewasha makaa juu na chini kama yeye. Nilikwenda mpaka Ludara kuuliza kama kuna jirani aliyewahi kupewa donge na Mama. Wamama walinicheka kwa upole. Walipewa wengi, na wote waliacha siku mikate ya duka ilipofika.

Mama anauma mara moja, anatafuna polepole, anairudisha sahanini.

"Hii iko ya duka, mutoto yangu. Kopo yangu iko wapi?"

"Iko jikoni, Mama."

Sijathubutu kumwambia zaidi ya hapo. Anatabasamu, anaridhika, anasema basi tutaoka kesho. Kesho yake anauliza tena, na mkono anaouinua kuniuliza umekuwa mwepesi, mifupa tupu.

Enzi zile tulikuwa na njaa, lakini kesho yetu ilikuwa imefungwa kwenye leso ya Mama. Leo mikate imejaa kila duka barabarani, na mama yangu anakonda mbele yangu. Wala simdanganyi ninapomjibu. Kopo liko jikoni kweli, rafu ya juu, safi kabisa.