Mhunzi wa Sake Aliyejiita Kiwanda

Valens Hakorimana wa Sake akipiga nyundo, hata wauza samaki wa Bweremana wanapita ng'ambo ya barabara. Si nyundo wanayoiogopa. Wanaogopa maneno yanayotoka nayo.

Hasira yake ilianzia kwenye redio. Walisema viwanda vinavyoyeyusha vyuma chakavu na kutumia tena taka za chuma vitasamehewa kodi. Kiwanda kikubwa cha upande wa Goma kilikuwa kimeshasamehewa.

Valens akacheka mpaka akakohoa. Taka za chuma? Katika Masisi nzima nani anazijua kumshinda yeye? Mkulima haji kwake mikono mitupu: analeta jembe lake lililokwisha, limebaki kama ulimi wa mbuzi, na Valens analiungia kipande cha resori, ile springi ya lori la Fuso. Huko Kashuga kuna majembe ambayo babu alianza kulima nayo na mjukuu bado analima. Hata mavi ya chuma, yale makapi meusi ya tanuru, hatupi ovyo. Anayamwaga kwenye matope ya njia ya soko ili chukudu, zile baiskeli za mbao zinazobeba viazi, zisizame.

Basi naye asamehewe. Ila kibanda cha mabati matatu kitaitwaje kiwanda? Akachukua bati ambalo mkewe, Blandine, aliliweka kwa ajili ya paa la jikoni, akaandika kwa rangi nyekundu: ETS HAKORIMANA, USINE YA CHUMA. Usine, yaani kiwanda, kwa Kifaransa cha wakubwa. Blandine alimwambia mvua haijui kusoma. Hakusikia. Mwanaume akishaona jina lake kwa herufi kubwa, masikio yanakufa.

Mtu wa kodi, kijana anayeitwa Patient, akaja na viatu visivyojua matope.

"Papa Valens, hii iko forge ya muhunzi ao iko usine?"

"Iko usine. Hauone kibao?"

Akaulizwa wafanyakazi wake ni akina nani. Akataja wote, pamoja na mashemeji wanaokuja tu kuota moto. Akaulizwa taka anapeleka wapi, akaonyesha njia ya soko huku kifua kimejaa. Patient alikuwa anatabasamu kama anayekaribishwa nyama. Alipomaliza, alieleza kwa upole kwamba usine inalipa kodi ya usine, na ya moshi, na faini ya taka zilizomwagwa barabarani.

"Na ule musamaha?"

"Musamaha iko ya wale wanayeyusha matani, Papa. Weye uko mukubwa wa kulipa, lakini uko mudogo wa kusamehewa."

Valens hakuwa na cha kulipa. Watu wa kodi wakabeba fuawe lake, kile kipande cha reli alichoachiwa na baba yake, ambacho juu yake kila jembe la vilima vya Sake lilizaliwa. Akaambiwa atalipata akilipa. Msimu wa maharagwe ulikuwa mlangoni, na akina mama wamekaa nje na majembe yao yaliyokwisha.

Akahangaika, akauza mbuzi, akaenda Goma kulikomboa. Huko ofisi ya kodi wakamwambia vyuma vyote vilivyokamatwa vimeshauzwa kwa kile kiwanda, kama chuma chakavu.

Yaani fuawe la Hakorimana limeyeyushwa, limehesabiwa katika taka zilizotumika tena, na limewasaidia wakubwa wale kusamehewa. Alirudi Sake bila kusalimia mtu. Akang'oa kibao kwa mikono, akakipigilia kwenye paa la jikoni, herufi zikitazama chini. Kisha akabingirisha jiwe jeusi la volkano mpaka mbele ya tanuru, akaanza kupiga majembe juu yake. Likipasuka, analeta lingine. Mawe Sake hayana mwenye kuyatoza kodi, bado.

Patient alipopita tena aliuliza usine imeenda wapi.

Valens hakuinua kichwa. "Iko jikoni. Inapika maharagwe ya mama wa watoto. Ingia uikamate, na moshi wake njo huo."

Jembe lilikuwa bado jekundu kwa moto kwenye koleo mkononi mwake. Patient akaendelea na safari.