Mzee wa Buganguzi na Mashine Yake ya Kunyolea

Mimi ni mwanamke, sina ndevu, na ninakusanya mashine za zamani za kunyolea, zile za chuma zinazobana wembe kwenye ncha ya mpini, pamoja na visanduku vyake. Shuleni Kahororo, ninakofundisha kemia, wameshazoea. Nilianza na moja niliyoiona mezani kwa muuza vikorokoro Bukoba mjini. Kifuniko cha kisanduku chake kilijifunga kwa mlio mdogo, safi, nikajua siondoki bila hicho. Siku hizi nikishika mashine tu, najua kama vipande vyake vitatu vilitoka kiwandani pamoja au kimoja ni cha kuazima. Sijawahi kukosea.

Mwaka jana mwalimu mwenzangu aliniambia kwamba baba mkwe wake, kule Buganguzi, anayo moja ndani ya kisanduku cha shaba. Jumamosi hiyohiyo nikaenda.

Nilimkuta mzee ameketi mbele ya nyumba, migomba ya kibanja chake ikianzia hatua chache tu nyuma ya kiti. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono wa kulia unaotetemeka, na ndevu nyeupe zilikuwa zimemfunika hadi shingoni. Mkewe akaleta kisanduku, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Ndani ya kifuniko kulikuwa na kioo kidogo, na mashine ilikuwa nzima, haina hata doa la kutu.

"Waitu, mzee wangu, hii inazishinda zote nilizo nazo," nilimwambia. "Ungekubali kuniachia?"

"Unajua kuitumia?"

"Najua kuifungua, kuisafisha na kuifunga."

"Sikuuliza hilo."

Nikasema sijawahi kumnyoa mtu yeyote. Mkewe alicheka hadi akaegemea mlango.

Mzee hakucheka. Kesho yake mjukuu wake alikuwa anabatizwa, na hakutaka kumpakata akiwa na uso ule. Wanawe wako mbali. Mkewe anaogopa wembe. Kinyozi wa senta ana mashine ya umeme, nayo mzee haitaki kabisa, inamngurumia masikioni.

"Ninyoe kwanza," alisema. "Halafu tutaongea."

Mikono yangu imemimina tindikali miaka mingi bila kumwaga tone, sikuona kwa nini ishindwe na shavu. Mkewe akaenda dukani kununua wembe mpya, akarudi akachemsha maji. Nilipunguza ndevu kwa mkasi, nikazilainisha kwa kitambaa cha moto, nikapaka povu la sabuni. Nikaufunga wembe kwenye mashine na kuanza chini ya sikio.

"Usikandamize," mzee akasema bila kufumbua macho. "Uzito wake unatosha."

Alikuwa sahihi. Nilipoiachia mashine ijiendee yenyewe, ilishuka shavuni ikitoa mkwaruzo laini, na nyuma yake ngozi ikatokea. Nilizishika mashine zile miaka yote nikifurahia umbo lake, na siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini mpini ni mzito vile. Kidevuni nilimkata kidogo. Nikasimama.

"Endelea," akasema.

Nilipomaliza, alijipapasa kwa mkono wa kushoto, akaomba kisanduku, akajitazama kwenye kile kioo kwa muda mrefu.

"Huyu namfahamu," akamwambia mkewe.

"Sasa tuongee," nikasema.

"Siitoi. Nikikupa uende nayo Bukoba, nani atakuja kuninyoa?"

Nilirudi mjini na mkungu wa ndizi, bila mashine, na sikusononeka hata kidogo. Tangu hapo naenda mara kwa mara, na mkono wangu umekuwa mwepesi. Mara ya mwisho nilipokuwa namfuta mzee sabuni, jirani yake mwenye kidevu kama brashi alikuja amebeba kiti chake mwenyewe. Akakiweka karibu yetu, akaketi, akavua kofia na kuuliza kama maji bado ni ya moto.